Jumapili Felicitas Alipomgeuzia Baba Mgongo

Jumapili hiyo Kokuberwa hakwenda kanisani. Alikuwa amechutama jikoni akikoroga haluli kwenye kikombe cha bati, ile chumvi ya kuharisha ambayo kila nyumba ya Temeke ilikuwa nayo juu ya kabati, na kila alipokoroga alimsikia mumewe chumbani akivuta pumzi kama mtu aliyebeba gunia. Tumbo lilimshika Projestus jana yake mchana, aliporudi kutoka kazi yake ya ukarani wa reli. Chakula cha jioni kilirudi. Uji wa asubuhi ukarudi. Sasa hata maji matupu yalikuwa yanarudi, na mwanamume aliyezoea kuamka alfajiri apige pasi kaptura yake mwenyewe, akisema hakuna mwanamke anayejua mkunjo, alikuwa amelala ubavu, magoti yamekaribia kidevu, hataki kusemeshwa.

Hamisa wa nyumba ya pili alikwisha kufika na chupa yake ya mafuta ya nazi. Huyu ndiye aliyekuwa akikanda matumbo ya mtaa mzima, ya watoto na ya watu wazima, na hakungoja kuitwa.

"Kwanza anywe haluli, aende chooni mara tatu," alisema, akikaa kwenye kinu kilicholazwa. "Likishalegea, mie namkanda. Karani atakula wali mchana wa leo, shoga, wewe tia nazi."

"Hajala kitu tangu jana."

"Ndiyo nakwambia. Kitu kimekaa humo kinagoma kutoka. Nacho kitatolewa."

Basi hodi ikapigwa, akaingia Felicitas, binti yao. Alikuwa na gauni la kanisani na kitambaa kichwani, na saa yake ndogo ya unesi ameibana kifuani kwa pini. Chuo cha unesi kiliwapa ruhusa Jumapili moja katika mbili, waje makwao mpaka saa kumi na mbili jioni. Alikuwa mwaka wa tatu, na umebaki mtihani mmoja tu ndipo apewe cheti.

Watu wa mtaani walikuwa na maneno yao juu ya masomo hayo. Hamisa mwenyewe aliwahi kuuliza mbele ya wanawake bombani, sauti yake tamu kama halua, "Hivi Mama Feli, mwanao kusoma mpaka darasa la nane kote kule Bukoba, ndiyo aje kumwaga choo cha watu?" Wanawake walicheka, na Kokuberwa alijitwisha ndoo ikiwa haijajaa. Projestus, akiulizwa kazini, alijibu kwamba binti yake yuko chuoni, akaishia hapo. Na tangu mwezi uliopita, Felicitas aliposema kwamba sasa wasichana nao wanapangiwa wodi ya wanaume, baba yake alikuwa akimjibu kwa kichwa tu.

Felicitas alisimama kwenye mlango wa chumba. Mwalimu wao, mama mmoja wa Kiingereza mwenye viatu visivyo na sauti, aliwafundisha kusimama mlangoni na kuhesabu hadi kumi, wamtazame mgonjwa kabla hajajua kwamba anatazamwa. Lakini Kokuberwa hayo hakuyajua. Aliona utovu wa adabu tu.

"Hata shikamoo humpi baba yako?"

"Shikamoo, Baba."

Projestus alitikisa kichwa bila kugeuka. Felicitas akatazama beseni lililokuwa chini ya kitanda, akatazama jinsi mzee alivyokunja mguu wa kulia, kisha akarudi jikoni haraka kuliko alivyoingia.

"Mama, ameshakunywa hiyo?"

"Ndiyo kwanza napeleka."

Felicitas akakichukua kikombe mkononi mwa mama yake, akatoka nacho uani, akakimwaga chote mchangani. Akakisuuza. Akakirudisha kikiwa tupu.

Hamisa alikitazama kikombe, kisha akamtazama Kokuberwa, akingoja kuona mwenye mtoto atafanya nini. Kokuberwa alihisi masikio yanawaka. Mtoto aliyemnyonyesha amemwaga dawa aliyoikoroga yeye, mbele ya mgeni.

"Felicitas. Hayo ndiyo mnayofundishwa?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Chini kukiwa kumeziba, kitu hicho kitasukuma mpaka kipasue. Hapaswi kunywa chochote. Hata maji."

"Kumezibwa na nani?" aliuliza Hamisa.

"Sijui bado, Bi Hamisa. Mpaka niulize."

"Basi si uulize? Baba yako yule pale."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Katika nyumba ile binti hakuwa akikaa hata ukingoni mwa kitanda cha baba yake. Na maswali aliyokuwa nayo Felicitas hayakuwa maswali ya binti. Alitaka kujua kama upepo umetoka tangu jana. Alitaka kujua kama kuna uvimbe pale paja linapokutana na tumbo. Kuuliza tu ilikuwa aibu, seuze kutazama. Na kutoka chumbani sauti ya Projestus ilikwisha kusikika, nyembamba lakini kali.

"Koku. Mwambie mtoto asiingie humu. Ni tumbo tu."

"Mie nitamkanda, mwache," Hamisa alisema, akifungua chupa.

Felicitas akaweka mkono juu ya mkono wa Hamisa. Aliuweka taratibu, kama unavyomzuia mtu anayetaka kukanyaga kitu. "Bi Hamisa, nakuomba. Badala ya mafuta, nipe kanga yako moja."

"Ya nini?"

"Simama mlangoni uinyooshe. Mie nitakaa huku nje, mgongo wangu chumbani. Baba akitazama aone kanga tu. Mama ataingia."

"Mie niingie nikafanye nini?" Kokuberwa aliuliza.

"Wewe utakuwa mikono yangu."

*

Sasa Kokuberwa alikuwa mtu wa vitendawili. Alivipenda kuliko sukari. Na tangu Felicitas aanze masomo, Jumapili zao walizipitisha hivyo, mama anamenya ndizi, binti anatega. Ndivyo msichana alivyokuwa akisomea mitihani yake. Aliuchukua mwili wa mtu, kiungo baada ya kiungo, akaugeuza fumbo, na mama aliyefika darasa la nne tu akawa anaujua utumbo kwa urefu na ini kwa upande wake, bila mwenyewe kufikiri kwamba anajua.

Hamisa alinyoosha kanga mlangoni. Naye akageukia nje, maana hakuwa mwanamke wa kutazama waume za watu. Felicitas akakaa kwenye kigoda, mgongo wake sawasawa, akashika saa yake mkononi.

"Bwana Projestus," alisema.

Hakuna aliyewahi kusikia jina hilo likitoka katika kinywa hicho. Kokuberwa, akiwa amesimama pembeni mwa kitanda, alishika shavu.

"Bwana Projestus, mie ni nesi wa zamu. Nitauliza, nawe utajibu. Hakuna atakayekufunua. Mama, mfunike shuka kwanza, mpaka kifuani. Mkono wako upite chini ya shuka, macho yako yatazame uso wake. Umenisikia, Bwana Projestus?"

Kutoka kitandani, "Naam."

"Mama. Kitendawili."

"Wakati huu, mtoto wewe?"

"Kitendawili."

"Tega basi."

"Mgeni wangu anabisha mlangoni usiku na mchana, haingii wala haondoki."

Kokuberwa akauchukua mkono wa mumewe, akaweka vidole pale chini ya kidole gumba, na mgeni akawepo, akibisha mbio kama anayefukuzwa. "Nimempata."

"Kila akibisha, nawe gonga ubao wa kitanda. Usimruke hata mmoja."

Akagonga. Nyumba nzima ikasikia moyo wa Projestus ukigongwa kwenye ubao, na Felicitas akaifuata mishale ya saa mpaka dakika ikatimia. Mia moja na kumi na nane. Hakusema kama ni nyingi. Alisema, "Sasa tumbo. Kiganja chote, Mama, si ncha za vidole."

"Limejaa. Gumu, kama ngoma iliyoanikwa juani."

"Teremka chini. Upande wa kulia, pale paja linapoanzia. Polepole."

Projestus akashika mkono wa mkewe. Walitazamana. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na kuna mahali ambapo Projestus hakutaka mkewe apaguse. Kisha akauachia.

"Kuna kitu," Kokuberwa alisema. Sauti yake ilishuka. "Kimesimama kama yai la bata."

"Usikisukume. Kiache. Bwana Projestus, yai hili ni la lini?"

Alijibu akitazama dari. Mwaka wa tatu sasa. Lilikuwa likitoka akisimama sana, akilala linarudi lenyewe. Alikuwa akijifunga kitambaa kiunoni chini ya kaptura. Kokuberwa alikijua kitambaa hicho, alikifua kila wiki. Aliambiwa ni cha mgongo. Jana aliinua sanduku la vitabu vya mizigo kwa kuwa mpagazi alichelewa, lile yai likatoka, na halikurudi tena.

"Miaka mitatu, Projestus," mkewe alisema. "Na mtoto wako yuko huko huko wanakotibu."

"Ndiyo maana," alisema. "Nyumbani yeye, hospitali yeye. Ningekwenda wapi?"

Felicitas alilisikia hilo. Kichwa chake kiliinama kidogo, kisha kikasimama tena. "Swali la mwisho, Bwana Projestus. Tangu jana, upepo umetoka?"

Hamisa akauma pindo la kanga. Mabega yake yalitikisika.

"Haujatoka," alisema Projestus. Kisha akaongeza, "Nesi."

*

"Ni ngiri, na imebanwa," Felicitas aliwaambia uani. "Utumbo umetokea kwenye upenyo, na upenyo umeufunga. Damu haipiti. Jioni ikiukuta utumbo bado hivyo, utakuwa umekufa, na baba pamoja nao."

"Mie ningeurudisha kwa mkono," Hamisa alisema. Lakini hakuisema kwa nguvu.

"Utumbo ungerudi, Bi Hamisa. Ungerudi umeoza, tukafurahi kwamba amepona, na kesho kutwa tungemzika."

Hamisa akafunga chupa yake ya mafuta. Aliifunga kwa muda mrefu, kama kizibo kimekuwa kigumu.

Gari la karibu lilikuwa pikapu ya Taiyeb Alibhai mwenye duka, na Felicitas alilikuta limepakia mapipa ya mafuta ya taa. Taiyeb alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, bado amevaa kofia yake ya kuswalia.

"Karani anaumwa? Pole, pole sana," alisema. "Kesho asubuhi nakwenda mjini na mzigo huu. Nitampitia, hakuna taabu."

"Kesho asubuhi utapitia maiti, Bwana Taiyeb."

Hakupandisha sauti. Alisema kama msichana anayesoma ubaoni, na pengine hilo ndilo lililomfanya Taiyeb aweke kikombe chini. Akamtazama. Alimjua tangu akiletwa dukani kununua sabuni, akinong'ona kwa haya.

"Una hakika, binti?"

"Nina hakika."

Taiyeb akakunja mikono ya kanzu, akaanza kuteremsha mapipa mwenyewe.

Kumtoa Projestus kulikuwa na aibu yake. Mtaa wote ulitoka. Karani wa reli, anayesalimiwa kwa kuvuliwa kofia, anabebwa juu ya godoro, miguu imeinuliwa kwenye mto, kichwa chini, kama nesi alivyoagiza. Mtoto mmoja akauliza kwa nini babu analazwa kichwa chini miguu juu, akafinywa. Projestus akaomba koti lake. Hakuweza kulivaa, lakini alitaka liwe juu yake, vifungo vikionekana. Felicitas akalitandaza vizuri kifuani pake, akafungua mwavuli juu ya uso wa baba yake ili watu wauone mwavuli, wasiuone uso. Taiyeb aliendesha kama aliyepakia mayai, akapita Chang'ombe na Ilala bila kupiga honi hata mara moja.

*

Hospitalini, karani wa mapokezi alikuwa na daftari na usingizi.

"Tumbo? Leo Jumapili. Tunapokea waliovunjika na wanaojifungua. Tumbo lije kesho, saa mbili."

"Kaka, huyu ni wa upasuaji."

"Nani kasema? Wewe daktari?" Alimtazama gauni la kanisani na vumbi la njiani. "Kakaeni benchi."

Kokuberwa alikwisha kuanza kulitafuta benchi. Ndivyo alivyozoea, ukiambiwa kaa unakaa. Lakini Felicitas hakusogea. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na ndani daktari wa zamu alikuwa akinywa chai. Felicitas akaenda akasimama kwenye mlango huo, visigino pamoja, mikono nyuma, kama alivyofundishwa kusimama, akaanza kusema kwa Kiingereza.

Kokuberwa hakuelewa neno. Alisikia Projestus. Alisikia arobaini na nane, maana hesabu za Kiingereza alizijua kutoka sokoni, nao ulikuwa umri wa mumewe. Alisikia mia na kumi na nane, akakumbuka ubao wa kitanda. Kila kitu ambacho mkono wake ulikigusa chini ya shuka kilikuwa sasa kinatoka kinywani mwa mwanawe, kimepangwa, hakuna kilichodondoka njiani. Binti hakuomba. Hakulia. Hakusema ni baba yangu. Alisema, akamaliza, akanyamaza.

Daktari akaacha chai. Akaja nje hatua ndefu, akainama kwenye godoro, mkono wake ukaingia chini ya shuka mahali pale pale, ukakaa kitambo kifupi tu. Kisha akampigia kelele karani wa mapokezi, na machela ikaja inakimbia.

Walikaa benchi wao watatu, Kokuberwa, Felicitas na Taiyeb, ambaye hakuna aliyemwambia abaki. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Daktari alipotoka, Felicitas alisimama kabla mlango haujafunguka sawasawa.

"Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi," daktari alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akimwelekea mama. "Mimi weka kitambaa ya moto, ngoja, yeye rudi rangi. Kama kunywa dawa ya kuharisha, pasuka. Kama chelewa saa mbili, pasuka. Nani nahesabu mapigo ya damu kule nyumbani?"

"Mie nilihesabu," Felicitas alisema. "Aliyeshika ni mama. Na tumbo amelipima mama. Mie nilikuwa nje."

Daktari akamtazama Kokuberwa tangu kitambaa cha kichwa mpaka miguuni. "Mama, wewe somea wapi?"

Kokuberwa akafikiri. "Jikoni kwangu," alisema. "Jumapili."

*

Felicitas alikuwa kwenye zamu wiki ile, wodi ya wanaume wazee, ng'ambo ya ujia kutoka alikolazwa baba yake. Chuo hakikumruhusu kumhudumia mzazi wake, wala yeye hakuomba. Alikuja saa ya wageni, akasimama foleni na wageni.

Siku nne Projestus alioshwa na Albano, muuguzi wa kiume kutoka Songea, mtu mzima mwenye mikono mizito. Hilo Projestus alilivumilia. Siku ya tano Kokuberwa alifika mapema na chupa ya mchuzi mwepesi, akamkuta mumewe amekaa kitako amekunja uso, na mbele yake msichana wa kofia nyeupe ameshika beseni la maji ya moto. Albano alikuwa amehamishiwa chumba cha upasuaji.

"Nitangoja arudi," Projestus alikuwa akisema.

"Harudi leo, Bwana Projestus," alisema msichana. "Na daktari anataka jeraha lioshwe kabla ya saa nne."

Kokuberwa akasimama palepale kwenye mlango. Alitaka kuingia aseme, lete, nitamwosha mie. Lakini hakuingia. Alijikuta anamtazama mumewe kabla hajajua kwamba anatazamwa. Rangi imerudi. Midomo si mikavu tena. Anaona haya, lakini haumwi.

"Unaitwa nani?" Projestus aliuliza.

"Demetria."

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko Tabata. Anafundisha shule."

"Naye anajua kwamba unaosha wanaume?"

"Anajua." Demetria alibadilisha beseni kutoka mkono mmoja hadi mwingine, maana lilikuwa zito. "Mwanzo hakupenda."

"Akiugua yeye, nani atamwosha?"

"Nesi atakayekuwa kwenye zamu siku hiyo."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wakisikiliza tangu mwanzo. Projestus akageuza macho kwenye mlango wa ujia, uliokuwa wazi, na Kokuberwa akayafuata macho hayo. Ng'ambo, katika wodi ya wazee, palikuwa na pazia la magurudumu lililozungushiwa kitanda. Chini ya pazia ilionekana miguu miwili yenye viatu vyeupe, ambayo Kokuberwa angeijua popote, na beseni, na maji yakichuruzika kutoka kwenye kitambaa kinachokamuliwa. Nyuma ya pazia mzee wa watu alikuwa akilalamika kwamba maji ni ya moto, na sauti ya Felicitas ilikuwa ikimjibu, taratibu, kwa jina lake.

Projestus alisikiliza mpaka mzee yule aliponyamaza.

"Acha baridi ipungue kidogo hapa," alisema, akionyesha dirisha. Demetria akalifunga. Projestus akavua saa yake ya mkono, akaiweka juu ya kabati, akalala chali, akalivuta shuka mwenyewe mpaka kifuani.

"Haya, mwanangu," alisema. "Vuta pazia."